Chuma Hakiingii Kwenye Rangi

Sufu ikilowa hunuka mbuzi aliyenyeshewa. Anayewaambia vingine hajawahi kuifua. Kila mwaka kipwa, majira yetu ya baridi kavu, kinapoanza, asubuhi za Kamina zinapoanza kung'ata masikio na watoto wanakwenda shule wamefumbata mikono makwapani, mimi hutoa shali nyeusi sandukuni, naitumbukiza katika beseni la maji ya uvuguvugu, na harufu hiyo inajaa ua mzima. Mume wangu hufunga dirisha. Binti yangu hubana pua na kuuliza tumechinja nini. Mimi hubaki nimeinama juu ya beseni, na ingawa ni mwalimu ambaye darasa zima husimama anapoingia, uso unanipata moto kama wa mtoto aliyeshikwa na kidole kwenye sukari.

Kisa cha shali hii nimemsimulia mtu mmoja tu maishani, naye hakuniamini. Leo nawasimulia ninyi. Msinionee huruma, sikuja kuitafuta.

Shali ilikuwa ya mama yake baba yangu, ambaye tulimwita Nkambo, kama wanavyoitwa bibi wote kwetu. Tuliishi naye katika zile nyumba za matofali mekundu zilizo karibu na reli, maana marehemu babu alikuwa mfanyakazi wa njia, wale wanaotembea wakikaza vyuma vinavyoshika reli kwenye mbao. Baba yangu yeye alikuwa karani, mtu wa shati jeupe na kalamu mbili mfukoni. Nkambo alikuwa mfumaji. Alijifunza kufuma akiwa msichana, kwenye misheni, na sindano zake zilikuwa spoku mbili za baiskeli alizozinoa ncha kwenye jiwe mpaka zikawa laini kama mfupa wa samaki.

Kazi yake kubwa ilikuwa kofia za watoto wachanga. Katika mtaa wetu mtoto hakutoka nyumba ya uzazi kwenda kwao kabla Nkambo hajafika na boneti yake na kumvika kwa mikono yake mwenyewe. Hakuna aliyeandika sheria hiyo, lakini hakuna aliyeivunja. Wanaume wazima wenye ndevu waliinamisha macho mbele yake, kwa sababu kila mmoja alipojitutumua Nkambo alimwambia, "Weye, usinifurishie kifua. Kichwa yako nilipima na vidole, ilikuwa sawa chungwa." Kazi hiyo ndiyo iliyompa nafasi kati ya watu, na alijua hivyo.

Sufu mpya hatukuwa nayo. Alinunua masweta makuukuu kwenye tombola, zile nguo zilizovaliwa ng'ambo zinazoletwa kwa marobota, akayafumua kuanzia shingoni, akaosha uzi, kisha akautia rangi ya kwake. Maganda ya vitunguu alipewa bure na wanawake wa sokoni. Gome la mwembe lilitoa manjano iliyoiva. Unga wa nkula, ule mti mwekundu, ulitoa rangi ya matofali ya nyumba yetu. Alichemsha yote katika sufuria kubwa ya aluminiamu, akakoroga kwa mti, na juu ya uzi aliweka jiwe la mtoni, laini na la bapa, ili usielee.

Na alikuwa na miiko. Usipige mluzi rangi ikiwa motoni. Usiruke uzi, utaufunga. Usihesabu vitanzi kwa sauti. Na kubwa kuliko zote, chuma kisiingie kwenye rangi. Nilipomcheka kwamba yeye mwenyewe anafuma kwa spoku za chuma, alijibu bila kuinua macho, "Chuma inashona. Haiogake."

Mimi nilikuwa na miaka kumi na mmoja na nilijua kila kitu. Shuleni walituambia kwamba miiko ya wazee ni giza, na kanisani nilikuwa wa kwanza katika kukariri maandiko. Kwa hiyo miiko yote ya Nkambo niliitia katika kapu moja, wa mluzi na wa chuma, nikafunga kapu.

Sasa mjueni Mama Bea; Bea ni jina lake mwenyewe, si la mtoto. Alikuwa mke wa askari wa kambini, mzaliwa wa mbali huko kunakosemwa Kilingala, mwanamke mnene wa sauti ya chini aliyeuza samaki wa chumvi sokoni. Alikuja kwetu mwezi wa Mei, tumbo lake likiwa la miezi saba, akiwa amebeba sweta moja kubwa ya kiume, rangi ya mchanga. Alikaa kwenye kigoda, akaiweka mapajani mwa Nkambo.

"Bwana anasema hii njo sweta yake ya muzuri," alisema, "lakini mutoto njo atavaa. Unitengenezee boneti, masoksi na shali."

Nkambo akauliza kama ni mtoto wa kwanza.

"Wa tatu. Bale babili tulibazika ku kambi zingine, na kitambaa ya hopitali. Hakuna hata mumoja alivaa kintu yake." Akakuna shavu. "Huyu nataka avae."

"Huyu atavaa, mama," Nkambo alisema. "Utaona."

Ndani ya shingo ya sweta kulikuwa na kitambaa kidogo chenye picha ya mnyama. Tulibishana juu yake jioni nzima. Mimi nilisema ni kondoo. Nkambo alisema kondoo gani ana shingo ya namna ile, labda mama yake alionana na twiga. Baba alirudi kazini, akavaa miwani, akafungua kamusi yake ya Kifaransa, akatutangazia kwa sauti ya ofisini kwamba ni alpaka, mnyama wa milimani, Amerika ya Kusini. Nkambo alirudia jina hilo mara tatu, akaisugua sweta shavuni. "Mulima yabo iko na baridi ya kweli," alisema. "Ona vile Mungu alimuvalisha."

Kazi yangu wakati wa kufumua ilikuwa kunyoosha mikono miwili mbele kama mtu anayepokea mtoto, naye akazungushia uzi. Mabega yaliwaka moto. Lakini uzi ule sikuuchukia. Masweta mengine yaliwasha ngozi, na huu uliteleza juu ya vifundo vya mikono yangu kama maji ya kuoga. Nkambo alitia rangi sehemu ndogo kwanza, kwa gome la mwembe, ikatoka manjano ya embe lililoiva upande wa jua. Kwa siku mbili akafuma boneti. Nilikuwa sijaona kitu kizuri namna ile kikitoka katika nyumba yetu.

Hapo lazima niwaambie jambo moja la msiba. Babu alikuwa amefariki karibu miaka miwili kabla ya hapo. Nkambo alivaa nguo nyeusi mwaka mzima, na siku ya kuziondoa, kwa kuwa sisi ni watu wa kanisa, mchungaji alisali, tukala wali na kuku, akavaa kitenge cha rangi, basi. Dada yake babu, tuliyemwita Tantine Mujinga, jina halali la kwetu, si tusi, alikuja kutoka Kabongo siku ile na hakuridhika. Kwa desturi, ukoo wa mume ndio humwosha mjane mtoni na kumtoa kilio mwilini. Bila hivyo, alisema, kilio hakitoki, kinajificha mikononi. Baba alimjibu kwa heshima kwamba hayo yalipita. Tantine alikaa kwetu miezi mingi baadaye, akilisema jambo hilo kila alipokosa la kusema, na Nkambo alikuwa akimcheka.

Jumatano moja Nkambo aliweka motoni uzi wote uliobaki, ule wa shali na masoksi. Akina mama walikuwa na sala yao alasiri. Aliniita. "Nakuachia weye hii kazi. Moto iwe kidogo. Uzi isitoke juu ya mayi. Jiwe iko pale."

Jiwe halikuwa pale. Nililichukua asubuhi kuchezea na nikaliacha sijui wapi. Kwa muda nilisimama nikisukuma uzi kwa mti, nao ukizama na kuibuka, na nje ya ua wasichana wenzangu wanaruka kamba wakihesabu. Nilivumilia labda robo saa. Kisha nikakumbuka kile chuma kilichokuwa nyuma ya mlango. Ilikuwa tirefon, ile parafujo nene ya reli, ndefu kupita kiganja, ambayo babu aliileta nyumbani miaka mingi nyuma na sisi tulivunjia mbegu za michikichi. Ilikuwa na kutu na ilikuwa nzito. Niliiosha kwanza. Naapa niliiosha kwanza, kana kwamba usafi ndio uliokuwa na maana. Nikaiweka juu ya uzi, ukazama, nikaenda kuruka kamba.

Niliporudi, maji yalikuwa yamebadilika. Chini ya tirefon uzi ulikuwa mweusi, weusi wa moshi, na kuzunguka hapo kulikuwa na manjano iliyochafuka. Nilifanya ambacho mtoto mwerevu hufanya. Niliitoa tirefon, nikaipangusa kwa gauni langu, nikairudisha nyuma ya mlango. Halafu nikakoroga kwa nguvu, nikifikiri weusi ule ukigawanyika utapotea. Uligawanyika kweli. Ulienea kote.

Nkambo alirudi kwa wimbo mdomoni. Aliinua uzi kwa mti, ukatiririka maji, na wimbo ukakatika. Aliugeuza upande huu na upande ule. Aliinua sufuria akaangalia chini. Kisha akanitazama, bila hasira, kama mtu anayetafuta ufunguo.

"Kuko chuma iliingia?"

"Hapana, Nkambo."

Hakuwahi kunipiga hata siku moja, kwa hiyo msidhani niliogopa kiboko. Jumapili iliyofuata ilikuwa siku ya watoto kanisani, na mimi ndiye niliyechaguliwa kusema amri kumi mbele ya watu, peke yangu, bila kitabu. Kanisani waliniita mtoto wa haki. Jina hilo nililipenda kuliko nilivyompenda yeye. Haya, nimeisema.

Tantine Mujinga alikuwa amesimama mlangoni pa jiko, na nyuma yake, kwa bahati mbaya niliyoitengeneza mwenyewe, Mama Bea aliyekuwa amepita kuona kazi inaendeleaje. Tantine hakupandisha sauti. "Nilisema," alisema. "Kilio haiyatoka mu mikono yake. Sasa imetokea mu uzi ya mutoto."

Mama Bea aliweka mikono miwili juu ya tumbo lake na kurudi hatua moja nyuma.

Nkambo akanigeukia tena. Sasa sauti yake ilikuwa ndogo. "Mutoto yangu, ufikiri muzuri. Hata musumari kidogo? Hata kifuniko?"

Mlango wa nyumba ulikuwa wazi. Kutoka pale niliposimama niliweza kuiona tirefon nyuma yake, bado ina unyevu.

"Hapana kintu, Nkambo. Nilikuwa hapa saa yote."

Akatikisa kichwa polepole, kama mtu anayekubali hesabu. Mama Bea alisema, kwa adabu sana, kwamba uzi abaki nao, na Mungu ambariki. Nkambo alikimbia ndani akamletea boneti ya manjano, iliyofumwa kabla, isiyo na doa. Mama Bea aliitazama kwa muda mrefu. Aliipenda, macho yake yalisema hivyo. Lakini hakunyoosha mkono. "Minyi nilizika babili, Nkambo," alisema. "Unisamehe." Akaondoka akipitia njia ya nyuma.

Jumapili nilisema amri kumi bila kukosea neno. Niliposema usimshuhudie jirani yako uongo, Nkambo alikuwa kwenye benchi la mbele, na nilipomaliza yeye ndiye aliyepiga makofi kwa nguvu kuliko wote.

Mtoto wa Mama Bea alizaliwa mzima, msichana mwenye mapafu ya tarumbeta, akafungwa kwa kitambaa cha hospitali kama wenzake waliomtangulia, na kabla mwaka haujaisha askari wale walihamishwa. Mtaani hakuna aliyemtukana Nkambo. Watu wetu ni waungwana. Walimsalimia kama kawaida, wakamletea maboga, na walipojifungua walisema, "Tulishaka kununua moja ku soko, Nkambo, usisumbuke." Yeye alijibu kwamba ni vizuri, na akauliza mtoto ana kilo ngapi. Jioni nilimwona amekaa na spoku zake mapajani, hazifumi.

Kisha akafuma. Alichukua ule uzi mweusi wa alpaka, wote, akafuma shali ya mtu mzima, akaivaa mwenyewe. Baba alimwomba aiache, akamkumbusha kwamba alishavua nguo nyeusi mbele ya kanisa. Akasema anasikia baridi. Aliivaa kipwa na masika, miaka yote iliyofuata.

Mimi nilikua. Katika sekondari, mwalimu wa kemia alitia msumari wenye kutu katika kikombe cha chai nzito, tukasubiri, na chai ikawa wino. Darasa lilishangilia. Niliomba ruhusa ya kutoka nje, nikakaa nyuma ya choo mpaka kengele. Mpaka siku ile nilikuwa nikijidanganya kwamba labda haikuwa chuma. Mwiko ule mmoja ndio uliokuwa elimu, na mimi mwenye elimu ndiye sikuutambua. Mngedhani nilikimbia nyumbani kumwambia. Nilikwenda nyumbani nikala. Nilijiambia kwamba ameshasahau, kwamba kufukua mambo ya zamani ni kumwumiza bure. Mwoga hakosi maneno mazuri.

Nilimwambia nilipokuwa na mimba yangu ya kwanza. Nkambo alikuwa amezeeka, macho yote mawili yamefunikwa na utando mweupe, anatembea kwa kushika ukuta. Nilipiga magoti mbele yake nikamwomba boneti. Vidole vyake bado vilijua kufuma, mara nyingine nilimwona akifuma na kufumua kipande kilekile. Alivirudisha vidole hivyo ndani ya shali.

"Hapana, mama. Si kwa mutoto yako. Hii mikono haiko tena ya kuvalisha mutoto."

Ndipo nikasema. Nilisema yote, jiwe, kamba, tirefon nyuma ya mlango, gauni nililopangusia. Nililia mpaka maneno yakashikana. Nilimweleza habari ya msumari na chai. Yeye alisikiliza, kichwa kimeinama upande mmoja, na nilipomaliza alinyoosha mkono akautafuta uso wangu, akaupata, akapangusa machozi kwa kidole gumba. Alikuwa anatabasamu.

"Roho yako iko muzuri sana," alisema. "Tangu utoto. Unaona mukongo yangu imechoka, unataka unibebee hii muzigo. Lakini usibebe kintu ya bengine na mimba, haina muzuri."

"Nkambo, ni kweli! Ni minyi!"

"Nilikuuliza siku ile," alisema kwa upole. "Mara mbili. Ukaniambia hapana. Na weye haukukuwaka mutoto ya bongo, ya kudanganya."

Nikasema nitamwonyesha. Nilisema nitachemsha gome la mwembe saa ileile, nitatia uzi, nitatia msumari, aone weusi ukitokea mbele yake. Nilikuwa tayari nimesimama. Akacheka kidogo.

"Nione na nini, mutoto yangu? Kwangu rangi zote zimeisha kuwa moja."

Alifariki kabla sijajifungua. Katika mkebe wake wa biskuti tulikuta spoku mbili na boneti ya manjano, imefungwa katika karatasi. Binti yangu alipozaliwa nilikuwa bado sijapata nguvu ya kuufungua tena mkebe ule, na nilipoufungua, kichwa cha mtoto kilikuwa kimeizidi boneti. Nilijaribu. Ilikwama juu ya masikio.

Wahenga walisema majuto ni mjukuu, huja baadaye. Mimi nilikuja mapema, nilikuwa pale pale jikoni, na sikusema. Kwa miaka mingi nilifikiri kosa langu lilikuwa chuma. Chuma kiliharibu uzi wa masoksi na shali, na uzi ungepatikana mwingine. Baadaye sana, nikiwa nimeinama juu ya beseni hili, ndipo nilipoelewa nilichomfanyia Nkambo. Siku ile alikuwa na vitu viwili vya kuamini ambavyo havikuweza kuwa kweli vyote viwili kwa pamoja: mikono yake, iliyovika kichwa cha kila mtoto wa mtaa ule, na neno langu. Akachagua neno langu.